Picha ya ugenini na kumbukumbu ya nyumbani

Ndugu msikilizaji, mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufuata bidhaa hurudi na vitu viwili. Cha kwanza ni mzigo wenyewe, ambao utateremshwa bandarini baada ya majuma kadhaa ukiwa ndani ya kontena. Cha pili ni picha, na hiyo humtangulia kufika. Amesimama wima, amevaa miwani ya jua, na nyuma yake limeinuka jengo la Burj Khalifa, lenye urefu wa mita 828, lililofunguliwa mwaka 2010. Aliyempiga picha amechuchumaa, pengine amelala chini kabisa, ili kilele kiingie, na mara nyingi bado hakikuingia. Jamaa wa mtaani wakiiona picha hiyo hawaulizi alilala wapi wala alikula nini. Picha imekwisha kusema neno moja: nimefika.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya picha za namna hiyo, yaani zile ambazo mtu hupigwa mahali penye mandhari ya kupendeza, mbali na kwao. Wako wanaozicheka na kuziita ushamba. Mimi sikubaliani nao. Haja ya kupigwa picha ugenini ni ya siku nyingi katika pwani hii na ina sababu zake. Ina pia gharama yake, ambayo hatuitambui mpaka siku tunapoitafuta picha ya aina nyingine na kuikosa.

Tuanze na pazia. Tuliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990 tunaukumbuka utaratibu wa studio. Unaingia chumba kidogo chenye joto. Ukutani pana kioo, na kitana kimefungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Pembeni limetundikwa koti la kuazima na tai iliyokwisha kufungwa fundo. Mbele yako pana pazia lililochorwa maporomoko ya maji, au milima yenye theluji, au ghorofa za mji usiojulikana jina, au ndege iliyoteremsha ngazi tayari kwa abiria. Unasimama, unaambiwa uinue kidevu, taa inawaka mara moja, unapewa stakabadhi. Baada ya siku tatu unarudi kuchukua picha yako, nawe umekwisha kufika Ulaya bila pasipoti.

Wenzetu wa Mombasa waliifanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa. Pale kwenye kivuko cha Likoni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vya studio na kuvipamba kwa michoro ya meli, ndege, majumba marefu na maua. Wateja wao wengi walikuwa vibarua na wafanyakazi waliotoka bara kutafuta riziki pwani. Walipiga picha hizo na kuzituma nyumbani, kwa wazazi na wake zao, kama ushahidi kwamba safari haikuwa bure. Ghasia zilizozuka Likoni mwezi Agosti 1997 ziliivuruga biashara ile, lakini watafiti walikuwa wamekwisha kuiandika, na picha zake zimeoneshwa hata Ulaya.

Kwa nini pazia? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Chumba kikiwa kidogo, ukuta uko karibu mno na mgongo wa mtu, kivuli chake kinaonekana, na ufa wa ukuta unaonekana pia. Pazia lililochorwa mbali na karibu hulidanganya jicho, chumba kikawa na kina. Mchoraji hodari alichora upeo wa macho chini, usawa wa magoti, ili mteja aonekane mrefu kuliko milima.

Sababu ya pili ni fedha. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila mara kamera ilipolia, kulikuwa na mtu wa kulipa: filamu, dawa za kuisafishia, karatasi ya kuchapia. Familia nyingi za mjini zilipiga picha Sikukuu ya Idi, au Krismasi, au mtoto alipofaulu kuingia sekondari. Basi nani angepoteza picha moja kati ya hizo chache kwa kupiga bati lenye kutu na mlango wa nyumba anayoiona kila siku? Picha ilikuwa cheti, na kwenye cheti mtu huandika sifa zake, haandiki shida zake.

Sasa tutazame upande wa pili, maana wakati sisi tulipokuwa tukijificha nyuma ya pazia, wageni walikuwa wanakuja hapa hapa kutafuta mandhari. Uvumbuzi wa Louis Daguerre wa kunasa sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Haikupita miaka kumi, kati ya 1846 na 1848, nahodha wa Kifaransa Charles Guillain alikuwa anaizunguka pwani ya Afrika Mashariki na msafara wake ukiwa na kamera ya aina hiyo. Baadaye walikuja wengine wengi. Katika mji wetu, Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha za mitaa, bandari na watu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo.

Picha hizo ziko wapi? Za Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, katika jimbo la Illinois, Marekani, kina mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki zilizopigwa kuanzia miaka ya 1860 hadi ya 1960. Mtu anayetaka kuijua Dar es Salaam ilivyokuwa kabla babu yake hajazaliwa, mara nyingi itambidi aiulizie huko.

Chunguza picha hizo za wageni, msikilizaji, utaona jambo. Chini ya nyingi pameandikwa jina la mahali: bandari ya Dar es Salaam, mtaa fulani wa Unguja, mnazi wa Bagamoyo. Lakini mtu aliyesimama katikati ya picha hana jina. Ni "mpagazi", ni "mwanamke wa Kiswahili", ni "wenyeji". Kisha chukua albamu ya nyumbani kwako. Humo watu wote wana majina: huyu ni shangazi, huyu ni marehemu mjomba, huyu ni jirani aliyehamia Tanga. Lakini mahali hapajulikani. Nyuma yao wote pana maporomoko ya maji ambayo hayakuwahi kuwapo Tanzania. Wageni walihifadhi mahali wakawasahau watu. Sisi tuliwahifadhi watu tukapasahau mahali. Kwa hiyo picha ya watu wetu wenye majina, katika mahali petu penye jina, ni adimu kuliko tunavyodhani.

Uadimu huo una madhara, nami nitatoa mfano mmoja. Miaka michache iliyopita kijana mmoja ninayefahamiana na familia yake alinijia jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, wewe umekaa sana na kalamu na magazeti. Huna picha yoyote ya nyumba yetu, ile ya Narung'ombe?"

Nyumba aliyoiulizia ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye korido katikati, uani nyuma na baraza mbele. Bibi yake aliuza maandazi kwenye baraza hilo kwa miaka mingi, na kwa maandazi hayo alisomesha watoto watano. Baadaye ukoo ukaingia ubia na mwekezaji, nyumba ikavunjwa, na leo pana ghorofa lenye maduka chini. Bibi bado yuko hai lakini kumbukumbu zinamtoka. Kila asubuhi anauliza lini watarudi nyumbani. Daktari aliwashauri wamwoneshe picha za zamani, maana mara nyingi mzee wa namna hiyo hutulia akiona kitu anachokifahamu. Wakaleta albamu. Walikuta picha zaidi ya arobaini, zote nzuri, watoto wamevaa viatu vipya, na nyuma yao theluji. Bibi alizitazama moja moja, akasema, "Hawa ni wangu. Lakini hapa ni wapi?"

Sikuwa na picha ya kumpa. Kwa kadiri ninavyojua, familia ile haijaipata hadi leo.

Si nyumba za watu binafsi tu. Kariakoo yenyewe imebadilika sura mara nyingi. Jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao walipiga kambi hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Soko kubwa lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lenye paa la zege mithili ya miavuli iliyofunuliwa kuelekea mbinguni, lilijengwa katika miaka ya 1970, na Julai 10, 2021 likaungua. Huko Unguja, Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020. Tofauti ni kwamba jumba lile lina picha nyingi mno, maana kila mtalii aliyeshuka Forodhani alilipiga. Fundi akitaka kujua nguzo ilisimama wapi, anazo za kutazama. Nyumba ya vyumba sita ya Narung'ombe haikuwa na mtalii.

Labda utasema: lakini kwetu si pazuri, picha haiwezi kupendeza. Hapo ndipo nataka nieleze siri ndogo ya hao wanaosafiri kutafuta mandhari. Uzuri wa picha zao kwa sehemu kubwa si wa mahali. Ni wa saa na wa upande aliosimama mpiga picha.

Chukua zile picha za majahazi na jua linalozama, zinazouzwa kwa watalii. Nyingi zimepigwa Unguja, na sababu yake ni jiografia. Mji Mkongwe umeelekea magharibi, kwa hiyo jioni jua huzama baharini mbele ya Forodhani. Dar es Salaam imeelekea mashariki. Kwetu jua huchomoza upande wa bahari na Kigamboni, na kuzama nyuma ya majumba. Anayekuja Kivukoni jioni kutafuta jua lililozama majini atarudi mikono mitupu, si kwa sababu mji ni mbaya bali kwa sababu amekosea ratiba. Machweo ya bahari ni ya Unguja. Mapambazuko ya bahari ni yetu.

Tena, mji wetu uko karibu nyuzi saba tu kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza saa kumi na mbili asubuhi au baada ya hapo kidogo, na kuzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni. Huko kwetu jua hushuka karibu wima. Halitelezi pembeni kama linavyofanya Ulaya wakati wa kiangazi, ambapo mwanga wa jioni huchelewa kwisha. Hapa, jua likishatua, baada ya dakika ishirini hivi giza limeingia. Ile rangi ya dhahabu wanayoisifu wapiga picha ipo, lakini haingoji mtu. Na kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana jua liko juu ya kichwa. Macho huwa mashimo meusi, pua huangusha kivuli mdomoni, na hata mrembo huonekana mgonjwa. Ukilazimika kupiga saa hizo, mwingize mtu kivulini, barazani au chini ya mwembe, aelekee kwenye mwanga.

Kwa hesabu hiyo, ukitaka kupiga familia yako Kivukoni huku bandari ikiwa nyuma yao, nenda jioni, saa kumi na moja. Jua litakuwa mgongoni kwako, upande wa mjini, na litamulika nyuso zao na maji kwa pamoja. Ukienda asubuhi mahali hapo hapo, jua litakuja usoni mwa kamera na watu watatoka weusi kama vivuli. Lakini panda kivuko asubuhi hiyo hiyo, simama ng'ambo ya Kigamboni, utaona jua limeupiga mji wote usoni, na minara ya makanisa ya zamani yanayotazama bandari inang'aa katikati ya majengo mapya. Baada ya mvua za masika vumbi likiwa limelala, hewa huwa safi zaidi. Nauli ya kivuko ni ndogo kuliko tiketi ya ndege ya Dubai.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya sheria. Si kila kitu kinachopendeza kinaruhusiwa kupigwa picha. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda maeneo nyeti, na mtu anayeyapiga picha bila ruhusa anaweza kujikuta anajieleza mahali asipopapenda. Lango la bandari, kambi za jeshi na vituo vya polisi si mahali pa kufanyia majaribio ya kamera. Ukiona mlinzi au kibao, uliza kwanza. Kuuliza hakuchukui dakika moja, na kueleza baadaye kunaweza kuchukua siku nzima.

Tahadhari ya pili ni ya utu. Pale soko la samaki la Feri, na katika vichochoro vya Kariakoo, watu wako kazini. Mchuuzi aliyeloa magadi na magamba hakuja hapo kuwa mandhari ya mtu. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwapo, tulikwisha fundishwa kubisha hodi. Salimu, eleza unachotaka, subiri jibu. Akikataa, shukuru upite. Akikubali, muulize jina lake uliandike. Hilo la jina ndilo wageni wa zamani walilolisahau, nasi hatuna udhuru wa kulisahau.

Siku hizi pazia halihitaji hata msumari. Programu ya simu inaweza kumtoa mtu kwenye kiti chake Buguruni na kumweka Paris kabla chai haijapoa. Na maharusi wenye uwezo huvuka kwenda Unguja au Bagamoyo pamoja na mpiga picha wao ili wapate magofu na mchanga mweupe. Sina ugomvi nao. Furaha ni yao, na fedha ni zao. Ila nawaomba kitu kimoja: kabla ya kupanda boti, wapigwe picha moja mlangoni kwa wazazi wa bibi arusi, mlango ukiwa wazi, na namba ya nyumba ikionekana. Miaka arobaini ikipita, mchanga wa Unguja utakuwa ule ule. Mlango ule huenda usiwepo.

Vivyo hivyo kwa yeyote mwenye simu yenye kamera, na wengi wenu mnaonisikiliza mnayo. Kizazi kilichopita kilikuwa na udhuru wa gharama ya filamu. Sisi hatunao. Jumapili hii mwondoe mzee kwenye kochi, mkalishe barazani pake, mahali alipouzia, aliposhona au alipocheza bao, umpige picha mwanga ukiwa umelegea. Rudi nyuma hatua tano ili na nyumba iingie. Piga jiko, piga mti wa uani, piga duka la jirani. Kisha picha mbili tatu zilizo bora zipeleke zikachapwe kwenye karatasi, maana simu huibwa, huanguka majini, hufa. Nyuma ya karatasi andika kwa kalamu: nani, wapi, tarehe ngapi.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nenda Dubai, nenda Guangzhou, simama mbele ya kila ghorofa refu, utuletee picha tufurahi pamoja nawe. Lakini siku bibi atakapouliza "hapa ni wapi?", awepo mtu wa kumjibu: hapa ni nyumbani kwako, bibi, tazama, na baraza lako hili.

Hadi juma lijalo, kwaherini.